Mashine Isiyoguswa ya Mwalimu wa Kwaya

Katika miaka yote niliyompigia kinanda, mwalimu wa kwaya hakunisifu hata mara moja. Kwa sifa alikuwa mkono wa birika. Unaweza kupiga vizuri mpaka waumini wakapanguza macho, na yeye anafunga kitabu chake cha nyimbo, anakutazama juu ya miwani, anakuuliza kama umekula. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Ukiharibu, habari ya chakula haikutajwa.

Namwita Mwalimu kwa sababu pale Karatina hakuna aliyemwita vingine. Alikuwa mama aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, lakini jina lilimganda kwa ajili ya kwaya. Mchungaji alimwita Mwalimu, na wauza ndizi sokoni pia, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga kanisani kwetu. Mimi si mtu wa Mlima Kenya. Baba yangu alikuwa askari jela aliyehamishiwa Nyeri nikiwa mdogo. Alipostaafu alirudi kwao magharibi, mimi nikabaki. Kikuyu changu ni cha kununulia viazi tu. Kwa hiyo Mwalimu alizungumza nami Kiswahili, kile cha huko juu kisichojali ngeli, na aliniita "mtu wa Kakamega" hata mbele ya wageni, ingawa Kakamega naijua kwa kwenda matanga tu.

Mazoezi yalikuwa nyumbani kwake kila Jumamosi alasiri. Sebule ilikuwa ndogo, imejaa viti, na kila kiti kimevalishwa kitambaa cha kufuma. Meza ilikuwa na kitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, na nina hakika kama ningekaa kimya muda mrefu na mimi ningefunikwa. Waimbaji walikuja na harufu za kazi zao: wauza vitunguu, fundi viatu mmoja mwenye sauti ya nne nzito sana, kina mama waliotoka moja kwa moja shambani na matope kwenye buti. Mwalimu alisimama katikati yao na koti kubwa la kiume na kofia ya sufu, akawazuia wasiimbe. Kwanza waliyasema maneno ya wimbo, polepole, kama mtu anayetoa habari. Walipoanza kuimba aliwakatiza kabla ya ubeti kwisha. "Hamjasema kitu," angesema. "Mmepiga kelele mzuri. Tena, na sasa muimbe kama watu wako na habari ya kuleta."

Mchungaji aliwahi kumwomba awe mpole kidogo kwa sababu soprano mmoja alikuwa amelia. Mwalimu alimjibu kwamba yule dada alilia kwa sauti nzuri kuliko anavyoimba, na kwamba wanaanzia hapo.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe, na hakuona haja ya kueleza. Aliyechelewa mazoezi alikaa nje mpaka wimbo wa kwanza uishe, hata mvua ikinyesha. Lakini yeye Jumapili alitoka kanisani kabla ya baraka za mwisho, kila Jumapili, akipita pembeni kama mtu aliyeacha sufuria mekoni. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alipenda sukari. Daktari alimwambia asinywe chai tamu, naye akamwahidi mbele yangu kwa uso wa mtakatifu, na tulipofika nyumbani akatoa kopo nyuma ya Biblia. Kwaya yetu ilialikwa kwenye mazishi kutoka Kangari hadi Kerugoya kwa sababu yeye ndiye aliyejua kufundisha nyimbo za msiba zikaingia mtu mifupani. Lakini kaburini hakufika. Alituimbisha nyumbani kwa marehemu, na jeneza likiinuliwa yeye alirudi kukaa ndani ya gari, madirisha yamefungwa, mpaka tumalize. Watu walisema anaringa. Mimi pia nilidhani hivyo kwa muda.

Kisha kulikuwa na ile mashine.

Ilikaa kando ya dirisha chini ya kitambaa kikubwa kuliko vyote. Ilikuwa sinthesaiza ya analogi, umeme mtupu ndani na hakuna kompyuta, mbavu za mbao, nzito kama gunia la viazi. Juu ya funguo zake kulikuwa na safu za nobu, zile za kuzungusha kama za redio ya zamani, moja imeelekea huku, nyingine kule. Haina kioo cha kukuonyesha chochote na haina kumbukumbu. Sauti inakaa mahali nobu zilipoelekea, basi. Ukizungusha moja, ile sauti imekwenda, na kuirudisha ni kubahatisha. Laptopu yangu ni kinyume chake. Ina programu inayoiga mashine za namna hiyo, nobu zimechorwa kwenye skrini, na ukipata sauti unayoipenda unaipa jina na kuihifadhi. Mwakani utaikuta palepale.

Siku yangu ya kwanza nyumbani kwake nilinyoosha mkono nizungushe nobu moja, kama mtu yeyote wa kazi hii angefanya. Alinipiga vidoleni na kitabu cha nyimbo. Basi nikadhani anaiogopa kwa sababu haijui, nikamweleza kila nobu kazi yake: hii ya kung'arisha sauti, hii ya kuifanya itetemeke, hii ya kuifanya iingie taratibu. Alinisikiliza huku akichagua maharagwe kwenye ungo. Nilipomaliza aliuliza, "Umeisha?" Nikasema nimemaliza. "Basi usiguse."

Kwa hiyo mashine iliyoweza kutoa sauti za kila aina ilitoa sauti moja tu, mwaka baada ya mwaka. Ilikuwa sauti ya ajabu kidogo, ungesema haijakamilika. Ilianza chini na mtetemo, kama kifuniko cha sufuria maji yakikaribia kuchemka, ikapanda, na pale ambapo ungetegemea ifunguke, ilikwaruza na kubaki hapo. Kwaya ilifundishwa kila wimbo kwa sauti hiyo: Krismasi, Pasaka, harusi, msiba. Vijana walilalamika chinichini. Walimwita Analogi akiwa hayupo. Waliniambia niende na laptopu mazoezini nimwonyeshe violini, filimbi, kinanda cha kanisa kubwa, vyote ndani ya mfuko mmoja. Nilikwenda. Alizisikiliza zote kwa adabu, akasema, "Hiyo kompyuta yako iko na kila kitu. Ni kama supamaketi. Sasa sisi tunaimba na gani?" Kweli mimi mwenyewe huwa natumia mbili.

Baridi ya Julai iliishusha ile mashine. Analogi ni hivyo, ikiwa baridi haikai kwenye noti yake sawasawa. Mwalimu aliiwasha mapema kabla ya watu kuja, akaweka jiko la makaa karibu na kusema, "Wacha iamke." Haikuamka kabisa. Ilibaki chini kidogo ya vinanda vingine vyote duniani, na kwaya nzima ilijifunza hapo chini. Jumapili walipoimba na laptopu yangu walikuwa wakiburuta chini yangu, nami nikitoka jasho. Nilimwambia kwaya yake inaimba chini. Akaniambia, "Hapana. Ni wewe uko juu." Tulivutana hivyo miezi, kila mmoja na kichwa chake kigumu, mpaka nikachoka nikaishusha laptopu ikalingana na mashine yake. Tangu hapo kila Jumamosi kabla ya kuondoka nilisikiliza mashine imeamkia wapi, nikairekebisha laptopu ilingane nayo. Kwaya ikaimba vizuri kuliko ilivyowahi kuimba. Mwalimu aliniuliza kama nimekula.

Nilikuja kujua habari ya nobu Jumamosi moja ya mvua kubwa, barabara imekuwa tope na kwaya haikutokea. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwake tangu mchana nikitengeneza muziki wa kwaya ya Kerugoya kwenye laptopu, betri yangu mbovu, nimetegemea umeme wa ukutani. Stima ikapotea. Skrini ikazima, na kazi yangu ya mchana kutwa ikaenda nayo kwa sababu sikuwa nimeihifadhi. Nililaani, nikaomba msamaha kwa kulaani. Mwalimu alicheka, jambo la nadra, mpaka akavua miwani.

"Yangu stima ikipotea haipotezi kitu," alisema. "Ikirudi iko tu pale."

Nikamwambia ndiyo, lakini yake ina sauti moja.

Hapo akaacha kucheka. Aliinua kitambaa, akaniambia nitazame vizuri nobu zilivyokaa, na akanieleza bila kupepesa macho, mikono yake ikiendelea kukunja kile kitambaa. Mashine ilikuwa ya mwanawe, mtoto wake wa pekee. Aliinunua kwa bendi ya hoteli iliyovunjika Nanyuki, akaibeba mpaka nyumbani kama aliyeoa. Alikuwa akimsaidia mama kufundisha kwaya. Asubuhi aliyokufa alikuwa amesimama hapo kando ya dirisha akitafuta sauti ya wimbo wao mpya, hajaipata bado, akaitwa kwenda kupiga kinanda kwenye harusi Kagio. Mama yake alikuwa akipanguza meza. Kijana akavaa kofia ya pikipiki na kumwambia, "Mathe, usiguse hapo. Nikirudi namaliza." Njiani lori la nyanya liliingia upande wake.

"Aliniambia nisiguse," Mwalimu alisema. "Sijagusa."

Niliuliza swali la kijinga, kama huwa inamuumiza kuisikia kila Jumamosi. Akasema Jumamosi ni ya kwaya. Yake ni siku zingine. Akitaka kumkumbuka kijana huiwasha, anashika ufunguo mmoja na kukaa. Sikumwambia pole. Nadhani alijua sitaisema, ndiyo sababu aliniambia mimi. Alikuwa amechoshwa na pole za watu, na ndizo alizokuwa akizikimbia kila Jumapili kabla ya baraka.

Mguu wake ulianza na kidonda cha kidole alichokifunga kitambaa na kukinyamazia. Alipolazwa Nyeri kilikuwa kimekuwa cheusi, na madaktari waliukata mguu chini ya goti. Nilikwenda kumwona. Alikuwa mdogo kitandani bila lile koti. Aliniuliza ni nani anawafundisha wimbo wa Pasaka, na kama jiko linawekwa karibu na mashine. Nikamwambia nyumba imefungwa, mazoezi ni kanisani. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Siku ya kurudi kwake, kina mama wa kanisa walifanya kile wanachofanya kila mwenzao akitoka hospitali. Walifika alfajiri na ndoo, sabuni na kuni. Nyumba ilikuwa imekaa tupu, panya wameingia, choo kimeharibika. Walisugua sakafu kwa mawe, wakafua mapazia, wakaleta unga na maziwa, wakachemsha maji ya kumwogesha. Na vitambaa vyote wakavifua, kwa hiyo na kile kikubwa cha dirishani kikatoka. Mimi nilikuwa Kerugoya na ile kwaya ya huko. Nilifika Karatina wakati vijana wakimwingiza Mwalimu ndani juu ya kiti cha plastiki.

Nyumba ilikuwa inang'aa. Vitambaa vilikuwa vyeupe, vimenyooshwa kwa pasi. Mashine ilikuwa wazi kando ya dirisha, mbao zimepakwa mafuta, na nobu zote, kila moja, zimeelekea juu, zimepangwa sawasawa kama wanafunzi kwenye gwaride.

Mwenyekiti wa kina mama, mama mpole aliyeimba soprano nyuma kabisa, ndiye aliyekuwa amefanya kazi hiyo na alifurahi nilivyoikodolea macho. "Ilikuwa imekaa vibaya," aliniambia. "Moja inaangalia huku, ingine huko. Ukungu mwingi. Tumeosha kila moja na tukazipanga vizuri."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameziona. Kina mama walikuwa wamemzunguka wakingoja aseme kitu juu ya nyumba, mikono yao imekunjamana kwa maji, na yeye akawatazama mmoja mmoja.

"Asanteni," alisema. "Imekuwa safi sana."

Wakaomba, wakaimba, wakampa uji. Walipoondoka nilikuwa nimejaa hasira mpaka masikio yanavuma. Nilimwambia nitamfuata yule mwenyekiti nimweleze alichofanya. Mwalimu alinishika mkono wa shati.

"Waliosha choo yangu," alisema. "Waliosha na zile nguo za hospitali, ziko na damu. Utawaambia nini?"

"Ukweli."

"Ukweli ataenda nayo wapi? Atalala nayo. Kijana yangu harudi. Wewe nyamaza."

Nikanyamaza. Lakini sikukubali. Nilikuwa na mazoezi mengi niliyorekodi kwa simu, na katika moja kuna mahali ambapo mashine inalia peke yake kabla ya watu kuingia, kidogo tu, na mtu akikohoa juu yake. Nilichukua kipande hicho na kukaa nacho majuma mengi, nikizungusha zile nobu zilizochorwa kwenye skrini, nikifananisha, nikizungusha tena. Mke wangu alisema sauti hiyo itaturusha akili. Nilipata ule mtetemo. Nilipata ile kupanda. Ule mkwaruzo wa mwisho ulinisumbua sana, kwa sababu programu zimetengenezwa zisikwaruze. Mwishowe nikaupata nao, au nikadhani nimeupata. Programu haikubali kuhifadhi bila jina. Niliandika Usiguse.

Nilimpelekea Jumamosi, mapema kabla ya kwaya. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho niliyomwona akiongoza mazoezi. Baada yake ilikuwa hospitali tena, na kisha kaburi, na huko nilikwenda mpaka ukingoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, koti limemfunika, magongo yameegemezwa ukutani. Nilimweleza nilichofanya. Nilifungua laptopu juu ya mapaja yangu na kubonyeza ufunguo mmoja, nikaushikilia kama alivyokuwa akifanya yeye.

Ilitetemeka, ikapanda, ikakwaruza, ikakaa hapo. Nikaachia. Alifumba macho na kuniashiria nirudie, nikarudia. Nikarudia tena.

"Ndiyo hiyo, Mwalimu?"

Alipofumbua macho yalikuwa makavu, na alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, kama anayeomba msaada.

"Sijui," alisema.

Nilidhani anamaanisha nimekosea. Nikaanza kumwambia naweza kurekebisha, aniambie tu ni wapi, ni chini zaidi au ni mkwaruzo.

"Hapana. Sikiza. Sijui vile ilikuwa. Nilikuwa nikitaka, nawasha. Sikuwa nimeiweka kwa kichwa." Alishika goti la mguu wake uliobaki. "Inaweza kuwa ndiyo. Inaweza kuwa yako."

Nilikuwa nimekwenda pale na uhakika kwamba masikio yake ndiyo yatakayonihukumu. Sasa palikuwa na watu wawili sebuleni na hakuna hata mmoja aliyejua. Nilijisikia mtupu kabisa. Nilimwuliza anataka nifanye nini. Aliuliza kama kompyuta inaonyesha nobu zimeelekea wapi. Nikasema inaonyesha. Akasema basi nizungushe za mashine zifanane na hizo, kwa sababu kwaya inakuja na hawezi kuendelea kuwafundisha na hiyo sauti ya sasa inayolia kama nzi. Nilisimama pale dirishani na laptopu kwenye mkono mmoja na nikazungusha nobu zile moja baada ya nyingine, nikitazama skrini. Zilikuwa laini, zimeoshwa vizuri. Kwa miaka nilitaka kuzigusa, na siku hiyo nilizigeuza kwa ncha za vidole tu. Nilipomaliza nilibonyeza. Ilikaribiana na ya laptopu. Haikuwa sawa nayo. Mwalimu alisema imetosha.

Kwaya ilianza kuingia, wakikung'uta viatu mlangoni. Mwenyekiti wa kina mama alikuja kumshika Mwalimu mkono na kumrekebishia koti mabegani. Nilipiga noti ya kuanzia, ile sauti ikapanda polepole sebuleni, na yule mama akageuka kuitazama mashine, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Na siku hizi imekuwa na sauti safi," alisema. "Ile ya kitambo ilikuwa inakwaruza sana."

Nilisubiri kuona Mwalimu atafanya nini.

"Ni vile mliiosha," Mwalimu alimwambia. Kisha akaweka miwani sawa, akainua mkono, na kuwaambia waseme maneno kwanza.